Larissa Iko mu Réunion

Siku ya yenga, 8 septembre

Kisha misa, jirani yangu Maman Emérence alinifuata mpaka kwa mulango ya kanisa, na sauti ya kusikiwa na kwaya yote: "Mama Larissa! Mutoto yako tunamuonaka mu picha tu siku hizi?"

Nikamujibu: iko mu réunion, mu mukutano ya kazi.

Hata siku ya yenga?

"Maman, bila yeye dossier ya kazi haitembei!" Nani mwengine hapa Nguba iko na mutoto mwenye ofisi nzima inamungojea?

Nilipika samaki sambaza na mboga ya lenga-lenga. Bugali ilikuwa kubwa kama ya wakati watoto wangu wote watatu walikuwa hapa. Luc iko Kinshasa, Camille Kampala, Larissa pale Muhumba tu — unapanda taxi-moto, umefika. Alisema atakuja. Nimekula na télé.

Siku ya pili, 10 septembre

Larissa amepiga telefone! "Maman, uko nyumba?"

Nilikuwa nimekaa tu, bila kazi. Lakini Maman Emérence alikuwa pembeni, ananiangalia mu kinywa. Nikasema kwa nguvu: "Hapana, mwanangu, niko mu réunion!"

Akauliza: ah bon, réunion ya nini? — Ya wamama. — "Sawa, maman. Nilikuwa nakuja kula. Basi nageuza."

Alikuwa tayari kwa njia! Maman Emérence alicheka mpaka akashika tumbo: "Sasa wewe pia umekuwa chef, mukubwa ya kazi!" Nikacheka naye. Ningefanya nini?

Siku ya tatu, 11 septembre

Nimemupigia asubuhi, midi, magaribi. Réunion.

Siku ya tano, 13 septembre

Nimekaa naandika kwa banc ya sentinelle, mulinzi ya mulango, mu parselle, ndani ya uzio ya ofisi ya Larissa. Sikuomba ruhusa. Nimevaa kikwembe ya sikukuu, nimefunga bugali mu kitambaa. Sentinelle, Papa Gentil, ameniambia: maman, chef iko mu réunion. Nikamwambia: "Huyo chef mimi ndiye nilimubeba mu mugongo!" Amenipa banc, karibu na dirisha.

Nimechungulia. Meza murefu, viti vingi — vyote tupu! Larissa peke yake, kasque ya kusikilizia kwa kichwa, anaongea na ordinateur, kompyuta yake. Sura za watu ndani, ndogo ndogo kama timbre ya barua. Kando yake nusu ya biscuit. Na mimi nilizania iko katikati ya watu! Amekonda shingo. Lakini Kifaransa yake, Mungu wangu — inatiririka!

Nimegonga kwa vitre ya dirisha. Ameinua kidole: ngoja. Nimekataa na kichwa, nimefungua kitambaa, mvuke imetoka.

"Maman, utanifukuzisha kazi," Papa Gentil analalamika.

"Kuja unawe mikono, papa."

Larissa ameinuka! Anakuja, anasema bado oui, oui, kasque iko kwa sikio moja. Amefungua dirisha. Waya imevutika mpaka mwisho. Pale anaweza kunyoosha mukono moja tu — naacha kuandika, nimutilie bugali mu ile mukono.