Nilikwenda Tsoka Kulala kwa Niaba ya Mama Zaina

Jumanne, alasiri imepita. Baridi ya Dowa inauma masikio, na upepo unaleta vumbi la mashamba yaliyovunwa mpaka ndani ya kikombe cha chai. Roho yangu imechafuka tangu Jumamosi. Leo imechafuka zaidi, halafu ikatulia kidogo. Nitaeleza, ila polepole, maana naandika na kidole kimoja na simu hii ina ufa.

Shida yangu ni matela. Godoro, kwa nyinyi mliosoma Dar.

Nimekimbia vita, nimevuka ziwa, nimekaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hapa Malawi mpaka meno yamepungua, na kitu kinachotaka kunimaliza uzeeni ni sifongo.

Mke wangu, Mama Zaina, aliteleza kwenye bomba la maji wakati wa mvua zilizopita, akaangukia nyonga ya kushoto. Mfupa haukuvunjika. Lakini tangu siku ile, akilala chini hawezi kuinuka peke yake. Muuguzi alituambia mama huyu alale kitandani, kwenye godoro gumu lisilozama. Yetu ya zamani ilikuwa na shimo katikati, ungeweza kufugia bata. Kwa hiyo Mama Zaina akawa analala sakafuni kwenye mkeka, kwa sababu sakafu angalau haizami, na kila alfajiri mi njo winchi ya kumsimamisha; njo yetu Wakongomani ni ndiyo yenu.

Sasa elewa hesabu ya miili yetu. Yeye ni mwanamke wa Kindu kamili, amejaa vizuri, Mungu hakupunguza kitu. Mi niko mti wa ufagio. Namvuta, naye ananivuta. Siku nyingi nashinda mimi.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Lilongwe, soko la Tsoka, kununua matela. Kwenye karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini wanauliza sababu ya safari. Nikaandika: kulala. Karani akainua macho. Nikamwambia, bwana, ni kweli tupu, hata ukinipeleka mahakamani.

Muuza magodoro anaitwa Chikondi. Ni Mmalawi mwenye kitambi na maneno matamu, Kiswahili alikiokota Tunduma na Kariakoo anakofuata mali. Aliniita agogo, yaani babu, akanivutia kiti. Halafu akauliza swali moja, swali la haki kabisa, na hapo njo niliharibu.

"Agogo, nani atalilalia? Mama? Ni mnene au mwembamba?"

Damu ikanipanda kichwani. Kwetu Maniema mwanaume hasimami sokoni kumwelezea mwanaume mwingine mwili wa mke wake. Hata kwa daktari tunaupunguzapunguza. Na kumleta Mama Zaina mwenyewe ajilaze pale mbele ya wabeba mizigo wa Tsoka, heri uniambie nimpeleke uwanja wa mpira.

Nikajibu, "Ni yangu mwenyewe. Nalala peke yangu."

"Aa. Pole sana, agogo," akasema, na akavua kofia.

Alidhani nimefiwa.

Na mi nikaitikia ile pole. Ndiyo. Nimeandika na sitafuta. Nilimzika mke wangu akiwa hai kwa sababu ya aibu.

Chikondi, kwa huruma, akanichagulia moja ya mzee mwembamba mjane. Nikavua viatu, nikalala, kofia juu ya macho. Ngumu kama ubao! Nikagonga kwa ngumi, nikageuka kulia na kushoto, bantu, yaani watu, wakacheka, nikasema hii hii. Nikadai na nyongeza, ile Wamalawi wanaita mbasela na sisi matabishi, kwa sababu mi sinunui hata kibiriti bila nyongeza. Akanipa mto. Mto wa rambirambi! Nikaupokea.

Kutoka barabara ya lami mpaka kwangu nilichukua kabaza. Yule kijana wa baiskeli alifunga matela nyuma yake, upepo ukaishika kama tanga, akawa anapiga kanyagio mbele huku anakwenda upande. Nilimfuata kwa miguu, mto kichwani. Kambi nzima ikatoka milangoni. Unajua hapa matela mpya maana yake ni nini? Maana yake ni bibi mpya. "Papa Zaina anaoa!" Mpaka nafika nyumbani, Mama Zaina alikuwa ameshapewa jina la mwenzake, na kabila.

Hilo lilikwisha kwa matusi machache. Kisha akakaa juu ya matela.

Nilisikia mbao za kitanda zikilia "ko!" Alizama mpaka chini. Na mi, niliyekuwa nimekaa upande wa pili, nikabingirika nikamwangukia ubavuni kama andazi kwenye sinia lililoinama.

Nikacheka. Lilikuwa kosa la pili.

"Papa Zaina," akaniambia bila kucheka, "hii matela umeinunulia mfupa za nani?"

Tena haikutosha. Kitanda chetu kilichongwa na fundi Mkongomani kwa mita, upana mita moja na sentimita arobaini. Magodoro ya Malawi yanakatwa kwa futi. Kwa hiyo ubavuni kulibaki ufa wa vidole viwili, na kwa jioni ile moja ulimeza tasbihi yangu, kijiko na simu hii hii ninayoandikia. Nyinyi mnaokuja kuishi nchi za watu, mkiambiwa pimeni kwanza, msikilize. Mi niliambiwa. Sikusikiliza.

Jumamosi hiyo hiyo akarudi kwenye mkeka wake. Matela ikasimama ukutani kama mgeni asiyejua akae wapi.

Jana njo ilikuwa mbaya. Alfajiri nikamshika mikono nimwinue aswali. Nikavuta. Akavuta. Tukaanguka wote wawili, mi juu yake, kiwiko changu kwenye ile nyonga. Alilia. Huyu mwanamke nimevuka naye mipaka mitatu na sikuwahi kumsikia akilia vile.

Baada ya chai akaanza kukunja vitenge. Ana mdogo wake Area 23, mjini Lilongwe, mwenye kitanda kirefu, umeme, na mabinti wawili wenye mabega.

"Kule kuna bantu ba kuniinua," akasema. "Hapa kuna mzee wa kuniangukia."

Nilitaka kufanya mzaha. Mi kila kitu ninakijibu kwa mzaha. Jana niliogopa.

Kwa sababu ninamjua yule shemeji. Hakunipenda tangu siku ya posa, alisema nina macho ya mchuuzi. Mama Zaina akilala kule wiki moja bila maumivu, nani atamlaumu akibaki? Nitakula nsima, ugali wa hapa, ya jirani, nitakufa kwa ukimya. Alisema ataondoka Jumatano. Hiyo ni kesho.

Basi leo, kabla jua halijatoka vizuri, nikaikunja ile matela, nikaifunga kwa kamba, nikarudi Tsoka.

Chikondi hakufurahi kuniona. Ukutani ana kibao: mali ikishauzwa hairudi. Akanionyesha kibao, akanionyesha matela, akanionyesha mimi.

"Lakini agogo, nilikupimia wewe. Ulisema unalala peke yako."

"Mke wangu amefufuka," nikamwambia.

Alirudi nyuma hatua mbili. Ilibidi nimshike mkono nimweleze ukweli, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuza mali ya wizi. Mke yupo. Mzima. Nyonga mbovu. Na ni mkubwa.

"Mkubwa kama nani?" Akaanza kunionyesha wanawake wanaopita, kwa kidole! Nikamshusha mkono. Nikamwambia tafuta kipimo kingine, huyo si mbuzi wa mnada.

Akafikiri. Jirani yake anauza mchele.

"Gunia moja?"

"Ongeza."

"Moja na nusu?"

Nikaangalia paa.

"Agogo. Mbili?"

"Karibu na hapo," nikasema, na nikaomba ardhi inimeze.

Sikujua atafanya nini. Alimwita mbeba mizigo, wakaleta magunia mawili ya mchele, wakayalaza juu ya godoro, moja kichwani na moja miguuni, wakasimama kuangalia linavyozama. Bantu wakajaa. Mmoja akasema lile gunia la juu limelala vibaya, shingo itamuuma. Mwingine akauliza kama wanafunikiwa blanketi.

Na katikati ya kicheko hicho nikasikia Kiswahili cha Bukavu.

"Weee, Papa Zaina! Njo nini hii? Unapimisha bibi yako na muchele?"

Mama Neema! Huyu ni fundi wa nguo hapa kambini, mwimbaji wa kanisa, alikuja Tsoka kununua nyuzi. Ana roho safi na mdomo usio na mlango. Ndiye anamshonea mke wangu tangu miaka mingi. Nikajua nimekwisha.

"Si unisikilize kwanza, Mama Neema..."

"Nisikilize nini? Batu ba Maniema muko na haya mingi, akili kidogo. Mi njo nashonaka manguo yake. Kipimo yake iko ndani ya kitabu yangu. Mi na yeye tuko sawasawa, tunaazimanaka hata makoti." Akamgeukia Chikondi. "Toa hii chakula hapa."

Magunia yakatolewa. Mama Neema akanipa mfuko wake wa nyuzi nishike, akakaza kitenge, akajitupa juu ya godoro. Puu! Mi niligeukia ukuta haraka. Adabu ni adabu. Nikawa nasikia tu.

"Hii inanimeza. Ingine."

Puu.

"Hii ni meza. Munataka nilale ao munataka kunila? Ingine."

La tatu akageuka kulia, akageuka kushoto, akapiga miayo mpaka nikadhani anasinzia. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Hii njo yenyewe. Inanishika kama bwana mwenye adabu."

Tsoka ikapiga makofi. Vijana walikuwa wameshatoa simu. Iko picha mahali fulani sasa hivi: mke wa watu amejinyoosha juu ya matela, na mzee mwenye kofia amesimama kando ameshika mfuko wake, kama bwana harusi aliyeadhibiwa.

Chikondi alikuwa mtu. Alipokea ile ya kwanza, nikaongeza tofauti, na tofauti yenyewe sitaki kuizungumza. Akaniambia neno moja ambalo nawapa bure: godoro lina uzito wake ndani, linachaguliwa kwa mtu, kama kiatu. Usilipime kwa ngumi, na usilipime kwa mwili usio wake. Na muuzaji akikuuliza nani atalilalia, jibu. Hakuulizi kwa uchokozi.

Nikamwambia zikomo, asante ya hapa. Mbasela sikudai. Niliona aibu kuidai, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Nimefika hapa saa tisa. Nimeitandika mwenyewe, nimeziba ule ufa wa ubavuni kwa nguo kuukuu. Mama Zaina alisimama mlangoni akiniangalia kama anaangalia nyoka anafagia. Alikaa. Mbao hazikulia. Akalala kwa ubavu wa kulia, kisha, pole pole, akageukia wa kushoto. Wa nyonga.

"Nani aliijaribu hii?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Mimi," nikasema.

Bongo, ndivyo tunavyoita uongo kwetu. Uongo mtupu, wa pili kwa ajili ya matela! Ulimi wangu umezoea kukimbia kabla sijaamua pa kwenda. Aliguna, akalala usingizi wa kweli, na mi nikatoka nje kukaa kwenye kiti na kuandika haya, maana ndani nilikuwa naogopa hata kupumua.

Ninajua jinsi habari zinavyotembea. Kesho asubuhi Mama Neema atapita kuleta gauni, na atasimulia kwa mikono na miguu, tena kwa kuimba. Ama picha itatangulia. Na mwanamke anayekwenda kwa mdogo wake kwa sababu ya nyonga, anaweza kurudi. Anayekwenda kwa sababu mumewe alidanganya mara mbili, na akampima na mchele mbele ya soko, huyo simjui.

Hofu yangu nilikuwa naiita haya. Nilikuwa namficha mke wangu kwa wauza magodoro, kumbe nilikuwa nimemwachia maumivu yake ayabebe peke yake. Lilikuwa swali moja tu la kujibu.

Ngoja.

Kitanda kimelia. Kidogo tu. Nimeinuka nusu, nangoja aniite nikamvute.

Haniiti.

Nasikia mguu mmoja sakafuni. Wa pili. Anasema bismillahi. Na mi nimeshika ukuta kana kwamba njo mimi ninayeinuka.

Amesimama. Peke yake! Anatafuta ndara zake, ananilaani kwa kuzificha, sauti yake haina maumivu hata kidogo. Anakuja mlangoni.

Naweka simu chini. Namwambia yote sasa hivi, marehemu, magunia, Mama Neema na picha, kabla magharibi. Acheke ama anipige na ndara, lakini asikie kwangu.