Jiko la Nusu Mbili

Kitale, 3 Juni 2024

Kwa Senge, shangazi yangu mpendwa,
Habari za Chwele? Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila silali vizuri. Mwalimu mkuu amekubali utengeneze udongo wa ndani wa jiko kubwa la shule. Nilisema mbele ya darasa zima kwamba unaweza. Likipasuka, uso nitauficha wapi? Najua tanuri yako ya kuchomea udongo ni ndogo, haiingizi jiko zima. Choma nusu mbili, kisha uziunganishe kwa simiti.
Mtoto wako, Nabwile

Chwele, 14 Juni

Nabwile, mtoto wa kaka yangu,
Salamu nyingi. Mgongo unauma nikikanyaga udongo tu. Simiti yako ilipopata moto ikawa unga, na sufuria ya maharagwe ikapinduka. Mume wangu Wangila akauliza, "Hilo ni jiko ama mtego wa panya?" Nikajaribu udongo mbichi. Ulipokauka, ufa ulikuwa wa kuingiza kidole. Si wewe ndiye unasoma sayansi?
Senge yako, Nakhungu

Kitale, 19 Juni

Kwa Senge,
Pole kwa maharagwe, na kwa simiti. Nilimuuliza Bwana Kibiwott wa kemia, naye akanirudishia swali: kwa nini udongo mbichi unapungua na uliochomwa haupungui? Nafikiri uliochomwa umeshamaliza kupungua. Basi twanga vigae vya majiko yaliyovunjika, chekecha, changanya na udongo kidogo tu wa kushikanisha. Kwaruza kingo za nusu zote mbili, zilowanishe, paka mchanganyiko huo, funga kwa waya. Kausha kivulini, halafu moto mdogo mdogo. Lakini sina hakika, Senge.
Nabwile wako

Kitale, 8 Julai

Senge,
U mzima? Hujajibu. Mwalimu mkuu anauliza kila asubuhi. Wenzangu wanasema ati fundi wangu amehamia Malakisi kulima tumbaku. Hata kama jibu ni baya, niandikie.
Mtoto wako, Nabwile

Chwele, 11 Julai

Nabwile mtoto wangu,
Sisi ni wazima. Sikuandika kwa sababu sikutaka kukutumia nusu ya jibu. Kiungo cha vigae kimepikia wageni wa mazishi ya jirani siku mbili, moto mkali, na kimeshika. Pembeni kuna ufa mwembamba kama unywele, nimeutazama, haukui. Jumamosi nakuja na jiko kwa pikapu. Huo ufa nitamwonyesha mwalimu mkuu mwenyewe, kabla ya kuwasha. Akiwa na neno, aniambie mimi. Wewe lala.
Senge yako, Nakhungu