Limau Tumboni mwa Dada

Jumatatu, 1 Juni

"Limau ni kali mdomoni tu, likifika tumboni linageuka magadi." Ndivyo anavyotangaza kwa kipaza sauti muuza dawa jirani na meza ya juisi ya dada, Kariakoo. Uongo mtupu. Tindikali haiachi kuwa tindikali kwa kushuka kooni. Ningempuuza, ila dada Mwanaidi ana vidonda vya tumbo, na huyu kamwachisha vidonge vya hospitali. Kila asubuhi kikombe cha limau. Nina hasira.

Jumatano, 3 Juni

Nimemsomea muuza dawa kurasa mbili nzima za kitabu. "Profesa, wewe umeshamtibu nani?" akaniuliza kwa kipaza sauti. Wateja wakaangua kicheko. Dada anazidi kukonda. Naogopa.

Alhamisi, 4 Juni

Mteja kalalamika juisi ya maua ya choya ni chachu mno. Dada, mzoefu wa kulainisha maharage kwa magadi, akatia magadi kwenye sufuria. Juisi nyekundu ikawa buluu, kisha kijani cha matope. "Nimerogwa!"

Nilishasoma habari hizi. Sikuwahi kuziona. Nikakamulia limau kwenye glasi moja. Povu. Wekundu ukarudi. Miaka yote nabishana, na ua hili linatambua tindikali ya limau na alikali ya magadi bila kufungua mdomo! Nikasahau hata kumtukana muuza dawa.

Yeye hakunisahau. "Kaka, hiyo ni glasi. Si tumbo."

Kweli.

Ijumaa, 5 Juni

Nimechemsha choya nyumbani, nikatia magadi kidogo sana, nikachovya kitambaa cheupe. Kikawa buluu. Nilimpelekea dada aone tu, kwa uzuri wake. Nikamkuta ameinama, anatapika limau la asubuhi. Akanipokonya kitambaa, akajifuta mdomo.

Pale alipofuta, pakawa pekundu kama ile glasi ya jana.

Tulikitazama wote wawili.

"Kumbe halikugeuka," akasema.

Nikamweleza yote, nisishinde kwa hila: hata bila limau, tumbo lina tindikali yake, kali kuliko limau, na utando mwembamba ndio unaolizuia lisijile. Utando wake umechanika. Nilipokuwa nasema, mwili ulinisisimka. Tunatembea na moto huo ndani, tunacheka, tunauza juisi.

Jumapili, 7 Juni

Jana tulikwenda hospitali. Daktari amemwanzishia vidonge upya. Leo amekunywa uji, umekaa tumboni. Sasa amelala. Nyumba imetulia.

Nyinyi mnaomwambia mgonjwa aache dawa: mfuateni kila mmoja mliyemwambia hivyo. Mrudisheni kwa daktari. Kesho, kabla hamjafungua meza.