Uliposimama Namawala

Mpendwa kaka Remi,

Huko uliko sijui kama kuna barabara. Kama ipo, naomba iwe na kona nyingi, maana iliyonyooka ilikuwa inakutia usingizi. Sisi huku Ifakara tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini uji anamaliza na kuomba mwingine. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nimesikia jambo ulilonificha tangu miaka ya tisini, na leo lazima tulimalize.

Unakumbuka yale mashindano ya pikipiki baada ya mavuno, kutoka hapa mpaka Namawala na kurudi? Vijana wa mashamba ya miwa walikuja na pikipiki mpya, mafundi wawili na gari la vipuri. Timu yetu ilikuwa wewe na mimi. Pikipiki yenyewe tuliiokota vipande vipande. Gia ya tatu haikuwepo kabisa. Ukitoka ya pili unaruka hadi ya nne na mengine unamwachia Mungu. Mpira wa tairi la nyuma ulikuwa na viraka kumi na kimoja, vyote nimebandika mimi. Kichwani ulivaa kofia ngumu ya fundi mwashi, umeifunga kidevuni kwa pindo la kanga ya mama. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, nawe ukawapungia mkono kama askofu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na baba alikuwa ameshaamua. Jembe langu lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli, tayari kwa safari ya Michenga, nikalime mpunga kwa shangazi. Msichana kunuka oili gerejini kwa kaka yake ilikuwa aibu mbele ya jumuiya nzima. Ni wewe uliyembembeleza baba, hadi akatoa sharti: "Hiyo pikipiki aliyoitengeneza ikirudi kwa injini yake, abaki. Ikirudi inasukumwa, kesho yake Michenga." Na baba hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Ndiyo maana nilikushika mkono kabla hujaondoka. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika na hatukuwa na nyingine. Injini ikichemka sana ingenoki, ife kabisa njiani. Nikakuambia, "Ukifika Namawala, zima. Usiwashe mpaka uweze kuishika kwa kiganja." Ukaitikia, "Ndiyo, fundi." Nilijua unanitania, maana wewe hata chai ulikuwa husubiri ipoe.

Ulirudi wa nne. Kabla hatujakuona tuliisikia inakuja, inakwaruza na kupiga chafya, lakini inakuja. Baba alisubiri ushuke, akainama kuigusa injini, akaungua kidole. Kisha akaenda kulifungua jembe langu kwenye baiskeli. Nilipokuuliza mbona wa nne, ulisema, "Wenzetu wana pikipiki, sisi tuna kelele." Nikaamini kwamba walikuacha tangu mwanzo.

Sasa wiki iliyopita akaingia gerejini mzee mmoja mwenye mvi, anasukuma pikipiki yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama hapa ndipo kwa Remi. Ni Saidi, yule wa mashamba ya miwa aliyeshinda. Nikamwambia tulikuzika mwaka juzi. Alikaa kwenye benchi, akafuta uso.

"Mimi yule bwana sikumshinda," akasema. "Alikuwa ametuacha mbali. Nafika Namawala namkuta amekaa kando ya barabara, mkono juu ya injini kama anayempima mtoto homa. Watu wanampigia kelele aondoke. Nikamuuliza, kaka, imekufa? Akasema, 'Nzima. Fundi wangu kasema ipoe.' Tukampita watatu, anatutazama tu. Hivi huyo fundi wenu alikuwa nani?"

Nikamwambia ni mimi. Aliniangalia mikono, akatikisa kichwa, akacheka hadi akakohoa.

Kaka, nilijifanya naenda kutafuta spana nyuma ya gereji, kumbe nalia. Kwanza nilikasirika kweli. Wewe, uliyekuwa ukishindwa bao unasusa chakula, uliuona ushindi unapita mbele yako ukakaa, na ukaniacha miaka yote nikijisifu kwamba ni viraka vyangu vilivyokurudisha. Nikanawa uso, nikarudi kumfungulia Saidi kabureta. Hasira ilikwisha pale pale.

Nina furaha, Remi. Gereji ina kazi, wasichana wawili wanajifunza kwangu na wanabishana kutwa kuhusu plagi. Wateja kutoka bonde zima wananiita fundi, na huwa naitika bila kufikiri. Ila wengi wao waliniita hivyo baada ya kuona kazi yangu. Wewe ulikuwa hujaona kazi yangu yoyote kubwa. Ulikuwa na neno langu tu, njia wazi mbele yako na watu wanakuzomea, ukakaa chini ukasubiri.

Pumzika, kaka. Safari hii hakuna wa kukuharakisha.

Mdogo wako