Makaburi ya Matungu Hayalimwi

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Mombasa mgongo unauma, lakini mizigo bado nabeba. Nimefurahi kusikia mama yako amepona.

Unauliza kama baba yako anaweza kulima makaburi yetu ya huko Matungu ili apande miwa. Nikiwa kijana nilitaka hivyo hivyo, nikang'oa miti iliyoonyesha kila kaburi. Trekta ilipofika, tulimkuta mama yangu ameketi juu ya kaburi la baba, anachambua mboga.

"Mama, toka! Hao hawasikii tena," dereva akacheka.

"Mimi nasikia. Haya, pita."

Dereva alizunguka. Nami kwa aibu nikapanda miti upya.

Mwambie baba yako nimekataa. Na nikifa huku, mnizike hapo kando ya mama yangu, shamba la miwa la baba yako lipungue zaidi.

Ni mimi babu yako.