Wimbo wa Mfereji

Jumanne, 7 Septemba 2004

Bwana Kornelio kaja kanisani baada ya mazoezi. Ndiye mfanyabiashara wa mbao aliyetudhamini kurekodi kaseti. Kakasirika kutushinda sisi wenye kwaya! Anasema Sefania kachukua wimbo wetu wa mfereji, kauweka kwenye intaneti, dunia nzima inausikiliza bure. Sefania — mtoto wa mama mdogo! Analima karoti Shume, akishuka Lushoto hana pa kwenda ila kwenye kompyuta za kulipia.

Malalamiko yalikuja yamechapwa tayari, kwa Kiingereza. Siku hizi kuna sheria ya hakimiliki, anasema, wezi wa nyimbo wakomeshwe. Katibu wa kwaya ni mimi. Nimesaini. Tena kwa raha — sisi tuhangaike hadi Arusha kurekodi, yeye abonyeze tu?

Jumatatu, 13 Septemba

Umefungwa! Kampuni ya ng'ambo inayotunza ukurasa wa Sefania imeufuta wote. Bwana Kornelio kaleta kreti la soda. Tumekunywa, tumepiga vigelegele. Mimi nilipiga kwa sauti kuliko wote.

Alhamisi, 16 Septemba

Sefania kaja nyumbani. "Shikamoo, dada." Kwa adabu ile ile. Afadhali angenitukana.

Kaniuliza kama niliwahi kuusoma huo ukurasa. Sijausoma. Kumbe wimbo ulikuwa mwanzoni tu, kama hodi. Chini yake zilikuwa picha za visiki kule juu kwenye chanzo cha maji, namba za malori yanayobeba magogo, na maneno ya wakulima ambao mifereji yao inakauka. Gazeti moja la Dar lilishaanza kumwuliza habari. Sasa wakifungua hawaoni kitu.

"Ungeniambia niutoe wimbo, dada, ningeutoa siku hiyo hiyo."

Malori ni ya nani sikuuliza. Nilikuwa na ladha ya soda ya Bwana Kornelio mdomoni bado.

Kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii nguo ni ya Sefania, mdudu ni mimi.

Na wimbo "wetu"! Bibi aliuimba kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kabla kwaya haijazaliwa. Kijiji kizima kikilima mfereji, kila mtu anaongeza ubeti wake; hata Sefania ana wake, wa visiki. Sisi tulichoongeza ni kinanda na jina la Yesu. Halafu nikasaini kwamba ni mali yetu. Naona aibu hadi kujitazama kwenye kioo.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Bwana Kornelio. Nikamwambia nataka kufuta malalamiko. Kacheka. Sare za kwaya zinakuja wiki ijayo, anasema, au nataka waimbe Krismasi na matambara?

Nikasema nitafikiri. Nitafikiri! Mwoga mkubwa.

Jumamosi, 18 Septemba

Msaragambo wa kusafisha mfereji. Tumetoka wote, wa msikitini na wa kanisani. Maji hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu.

Anayeanzisha wimbo miaka yote ni Mama Hawa. Leo kasimama na jembe begani, kanitazama.

"Katibu, tuna ruhusa ya kuimba?"

Nilisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Nikasema imbeni tu, mama. Akaniuliza, aliyesema wimbo una mwenyewe ni nani? Sefania alikuwa anatazama tope.

Basi tukalima kimya. Msaragambo kimya! Sijawahi kusikia. Majembe yanagongana, hakuna anayejua mwenzake anainua saa ngapi. Mtu kakatwa kidole cha mguu, kidogo tu, lakini damu ilionekana majini.

Sasa wanakunywa uji. Nimekaa pembeni, nasingizia naandika mahudhurio. Mama Hawa kawaambia nafasi yake ya mbele kaniachia mimi. Nianzishe mimi, au tulime hivi hivi hadi jioni. Nikianzisha, nianze na ubeti gani? Wa kinanda, au ule wa Sefania, wa visiki? Na dereva wa Bwana Kornelio yumo humu humu, kashika sururu.

Bakuli zinasuuzwa. Sefania kaokota jembe langu, ananishikia.

Mama Hawa anaita. Haniiti jina. Anaita, "Mwenye wimbo!"