Kompoti ya Baba

Kihesa, Iringa

Dada yangu Faustina,

Huku baridi imeshika, na Mama amerudi kwenye kwaya. Nimepika ile kompoti uliyofundishwa na Mfaransa hapo hotelini kwenu Mbeya. Nilimenya matufaha, nikayakatakata, nikayabandika jikoni na maji kidogo, limao na mdalasini, nikafunika. Yalipolainika nikayaponda kwa mwiko. Sukari sikutia, maana Baba amekatazwa.

Kuna jambo hatukukwambia kwenye simu, tukiogopa utaacha kazi na kuja mbio. Tangu apate kiharusi, Baba hakuwa ametamka neno hata moja. Hata uji alikuwa akiufumbia mdomo.

Jana nilimlisha kijiko cha kompoti. Akameza, akakunja uso, akasema, "Sukari."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Unasemaje, Baba?"

"Haina sukari."

Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Nikatia sukari kijiko kimoja, naye Baba akamaliza bakuli. Daktari nitamweleza mwenyewe. Wewe usinigombeze, dada, maana hata ungekuwa wewe ungemtilia.

Mdogo wako akupendaye,
Bertha